Dawa ya Baba Iko Nangani

Aliyegundua ni Mama. Nalisema mapema kwa sababu mwenye cheti cha famasia kilichotundikwa ukutani ni mimi, anayesimama nyuma ya kaunta ya kemisti Mwembe Tayari, Mombasa, siku sita kwa wiki ni mimi, na aliyeandika kwa kalamu yake juu ya bahasha ya dawa ya babake mzazi, "1×3, baada ya kula", ni mimi huyu huyu.

Baba ana ugonjwa wa Parkinson. Ulimwanzia mkono wa kulia, kidole gumba na cha shahada vikisuguana kama mtu anayehesabu noti. Alikuwa karani wa kuhesabu shehena bandarini Kilindini miaka thelathini na ushei, basi sisi watoto tukimtania kwamba amestaafu lakini vidole bado viko kazini. Yeye mwenyewe akicheka. Halafu mguu ukaanza kuburura, sauti ikapungua, na kufikia mwaka jana zikaja zile asubuhi za kizingiti.

Nyumba yetu iko Kibokoni. Ina mlango wa kizamani wenye kizingiti cha mbao kilicholika katikati kwa kukanyagwa. Baba akifika hapo huganda. Haanguki, hatetemeki sana, amesimama tu, mkono mmoja kwenye komeo, macho yameinamia ule ubao, na miguu haitaki. Ukimwambia "Baba, vuka," anakujibu kwa sauti ndogo, "Navuka." Na havuki. Siku moja nilitazama saa: dakika nne. Wapita njia wanamwamkia, "Shikamoo Mzee," naye anaitikia marahaba kwa adabu zake zote, kama mtu aliyeamua kupunga upepo mlangoni.

Kliniki ikaongeza kipimo. Miezi miwili baadaye ikaongeza tena.

Mama ndipo aliponiuliza, huku anachambua mchele, "Mbona Jumatatu na Alhamisi babako huwa hana neno?"

Nikamjibu kitaalamu kabisa: "Mama, ugonjwa haujui siku." Hakubishana. Alichukua kalamu ya mjukuu wake akaanza kutia alama kwenye ile kalenda ya jikoni yenye tarehe za Kizungu na za Kiislamu. Duara, Baba kaenda msikitini kwa miguu yake. Mkwaju, kagandia mlangoni. Mwezi ulipoisha aliivua kalenda kwenye msumari, akaniwekea mezani karibu na sahani yangu, akarudi kuketi. Maduara karibu yote yalikuwa Jumatatu na Alhamisi.

Sasa, Jumatatu na Alhamisi Mama hufunga sunna. Siku hizo jiko la asubuhi haliwashwi. Baba anajipatia chai ya rangi na vipande viwili vya bofulo, basi. Siku nyingine zote ni mahamri na mbaazi za nazi, chai ya maziwa, na kama kuna samaki wa kupaka aliyebaki jana, naye yumo. Anakula, anashushia na vidonge vyake kama nilivyoandika mimi kwenye bahasha, kisha anaenda kuganda mlangoni.

Uso ulinipata moto. Jambo hili, kwamba protini ya chakula huizuia dawa ya Parkinson, nilifundishwa. Niliulizwa kwenye mtihani nikalijibu. Liko hata kwenye kile kikaratasi kinachokunjwa mara nane ndani ya boksi, ambacho huwa nawahimiza wateja wakisome.

Kwa nini niliandika "baada ya kula"? Kwa sababu wiki ya kwanza vidonge vilimchafua roho, akatapika mara mbili, nami nikaamua kama binti. Mfamasia hakuulizwa. (Baba si wa kwanza. Mwaka 1913 mkemia Marcus Guggenheim aliitoa levodopa, ndiyo hii dawa ya Baba, kwenye mbegu za aina fulani ya maharage, akajaribu kumeza gramu mbili na nusu mwenyewe. Alitapika vibaya sana. Ilipita miaka zaidi ya hamsini kabla ya daktari George Cotzias kuonyesha, mwaka 1967, kwamba ukianza kidogo kidogo na kupandisha taratibu, dawa hiyo hiyo inamnyanyua mgonjwa aliyekakamaa.)

Wateja wengi wanaona kidonge kama sukari ndani ya chai: unatia, unakoroga, inaenea. Nami nachangia kosa hilo kila siku ninaposema "dawa itaingia kwenye damu" kana kwamba mlango uko wazi. Hauko wazi. Kila seli imefunikwa utando mwembamba wa mafuta, na kitu kinachopenda maji hakipiti kwenye mafuta. Zipo dawa zenye mafutamafuta zinazojipenyeza zenyewe. Levodopa si miongoni mwao. Levodopa ni asidi ya amino, ndugu wa damu wa zile asidi za amino, matofali yanayojenga protini, zinazotoka kwenye mbaazi na samaki, na asidi za amino hazipiti utando mpaka zibebwe.

Wanaozibeba ni protini zilizopachikwa kwenye utando wenyewe. Vitabuni tunawaita wasafirishaji. Nyumbani kwetu, kwa ajili ya Baba, wamekuwa hamali. Kila hamali ana mzigo anaoujua. Protini hiyo imejikunja ikapita ndani ya utando mara nyingi, aghalabu kumi na mbili, na katikati ikabakiza kijishimo. Kijishimo hufunguka upande wa nje, mzigo unaotosha unatua ndani yake, protini inajigeuza, upande wa nje unafungika, wa ndani unafunguka, mzigo unashuka. Pande mbili hazifunguki kwa pamoja hata siku moja, maana zikifunguka utando umetoboka.

Chukua mbaazi zenyewe. Tumbo na utumbo zinakatakata protini yake, lakini hazimalizi kazi. Sehemu kubwa inafika kwenye ukuta wa utumbo mwembamba ikiwa bado vipande vya asidi mbili mbili au tatu tatu, ndivyo tunavyoviita peptidi. Vipande hivyo vina hamali wao, jina lake PepT1, aliyetambuliwa mwaka 1994 kutoka kwenye utumbo wa sungura. Huyu simchoki. Kuna asidi za amino ishirini za kawaida. Ukizipanga mbili mbili unapata michanganyiko 400, ukizipanga tatu tatu 8,000, na PepT1 peke yake hubeba karibu zote. Nne nne hagusi. Wala habebi bure: kila safari huingia pamoja na protoni, ile chembe ya haidrojeni inayofanya kitu kiwe kichachu. Nje ya seli za utumbo pana uchachu zaidi kidogo kuliko ndani, kwa hiyo protoni zina hamu ya kuingia, na hamali anaitumia hamu hiyo kuvutia mzigo wake.

Na kwa kuwa hachagui sana, dawa zimejifunza kujipitishia kwake. Sefaleksini na amoksilini, ninazouza kila siku kuliko hata maji, kwa umbo zinafanana na peptidi fupi, basi naye anazibeba. Mfano ninaoupenda zaidi ni wa mkanda wa jeshi. Asiklovia ya kumeza inaingia mwilini kwa shida, asilimia kumi hadi ishirini tu, ndiyo maana mgonjwa wa mkanda wa jeshi huimeza mara tano kwa siku na wengi hushindwa kufuata. Wakemia waliichukua asiklovia ile ile wakaifunga na valini, asidi ya amino ya kawaida tu, ikaitwa valasiklovia. PepT1 anaiona valini, anasema huyu wa kwetu, anaibeba na alichoshikana nacho. Ikishapita, mwili unaikata valini na asiklovia inabaki damuni, safari hii zaidi ya nusu ya iliyomezwa. Mara tano zikawa mara tatu. Valini imekuwa kama yule jamaa anayekushika mkono mlangoni kwenye harusi usiyoalikwa, akamwambia bawabu "huyu niko naye".

Hapo Baba, aliyekuwa akinisikiliza barazani na kikombe chake cha kahawa kilichojazwa nusu ili kisimwagike, aliniuliza swali zuri kuliko maswali mengi niliyoulizwa chuoni: "Hiyo amoksilini mwanipa na chakula na yafanya kazi. Hini yangu ina kisirani gani?"

Tofauti iko kwenye wingi wa hamali na urefu wa foleni. PepT1 wamejaa utumboni na mzigo mkubwa hauwashindi. Chakula na amoksilini wanapita wote, hawagombani. Levodopa haipiti kwa PepT1. Inapita kwa hamali wa asidi za amino moja moja, na lazima ipite malango mawili: kutoka utumboni kuingia damuni, kisha kutoka damuni kuingia ubongoni. Lango la pili ndilo lenye kesi.

Mishipa ya damu ya ubongo imeshonwa kwa kubana sana. Kinachomkosesha Baba mwendo ni upungufu wa dopamini, kemikali ya ubongo inayoongoza mwendo, na mtu angedhani tungempa dopamini yenyewe amalize. Hatuwezi, dopamini haina wa kuibeba kwenye ukuta ule. Levodopa ina mbebaji, na ikishaingia ubongo unaigeuza kuwa dopamini. Ndiyo sababu ndani ya kidonge pia mna kabidopa: inazuia levodopa isigeuzwe ingali njiani, na yenyewe haivuki ukuta.

Mbebaji wa pale anaitwa LAT1, alitambuliwa mwaka 1998. Huyu ni kama feri ya Likoni ambayo haiondoki tupu: akivusha asidi moja kuingia, hurudi na nyingine kutoka. Abiria wake wa halali ni lusini, isolusini, valini, fenilalanini, tairosini, triptofani na wenzao. Hata kabla hujala, damu ina asidi hizo za kutosha kumjaza karibu pomoni. Sasa kula mbaazi, maziwa na samaki. Kivukoni panafurika. Levodopa ya Baba ipo, imefika, imo damuni, lakini imesimama nyuma ya umati.

Kwamba tatizo liko hapo, na tumbo si la kulaumiwa peke yake, tunalijua vizuri kutokana na kazi ya John Nutt na wenzake huko Marekani, iliyochapishwa mwaka 1984. Waliwapa wagonjwa levodopa kwa dripu, moja kwa moja kwenye mshipa, utumbo ukarukwa kabisa. Wagonjwa wakalegea, wakatembea. Kisha wakalishwa mlo wenye protini nyingi, au fenilalanini au lusini peke yake. Wakakakamaa upya, na levodopa ndani ya damu haikuwa imepungua. Walipopewa glisini au laisini, asidi za amino vilevile lakini zisizopanda feri hiyo, hawakudhurika. Nililisoma jambo hili usiku, simu mkononi, nikaiona kalenda ya Mama. Yeye alifanya jaribio lile lile bila dripu.

(Nisiwaonee mbaazi peke yao. Mlo mzito wenye mafuta huchelewesha tumbo kumwaga kilichomo, na levodopa hainyonywi mpaka itoke tumboni. Mahamri nayo ina dhambi zake.)

Nilipomaliza kueleza, Baba alikaa kimya. Vidole vikahesabu noti. Kisha akasema, taratibu, kwa ile sauti iliyobaki:

"Kwa hivyo dawa yangu iko nangani."

Ambaye hakulelewa na mtu wa bandari huenda asimwelewe. Meli ikifika Mombasa na gati zote zimeshikwa, haingii Kilindini. Inatia nanga nje, baharini, inasubiri. Shehena imefika, karatasi zote ziko sawa, mwenye mali anapiga simu kila saa, na hakuna gunia linaloshuka.

"Ndiyo, Baba. Mbaazi zimeshika gati."

"Na nyinyi," akasema, "meli haijapata gati, mwaniletea meli ya pili." Alikuwa anasemea kile kipimo kilichoongezwa mara mbili. Sikuwa na la kujibu.

Nilienda naye kliniki na kalenda ya Mama ndani ya mfuko wa plastiki. Daktari aliitazama kwa muda, akauliza nani aliichora, akaomba aipige picha. Tukakubaliana saa. Kidonge cha kwanza Baba anameza anapoamkia sala ya alfajiri, kwa bilauri ya maji, chai inakuja baada ya saa nzima. Cha pili saa tano asubuhi, chakula cha mchana si kabla ya saa sita na nusu. Cha tatu saa kumi jioni. Roho ikimchafuka anapewa biskuti kavu moja na chai ya tangawizi. Maziwa hayaguswi saa hizo. Asubuhi ni muhogo wa nazi au viazi vitamu au mahamri matupu, mchana wali na mchicha, na protini ya siku nzima imehamia usiku. Imehamia, haikufutwa: mzee wa umri wake akinyimwa samaki na maharage atakwisha nyama, na hilo ni balaa jingine. Baada ya wiki tatu daktari alirudisha kipimo nyuma hatua moja. Kama una mgonjwa nyumbani, usivute saa za dawa peke yako kwa kusoma habari za babangu. Nenda na kalenda yako kliniki.

Mgumu wa kukubali alikuwa Mama. Kalenda aliichora yeye, dawa aliigundua yeye, lakini kula mbaazi usiku kulimshinda. "Mbaazi ni za asubuhi," alisema. "Usiku ntamwambia nani nimepika mbaazi?" Wiki ya kwanza alizipika kwa hasira, nazi nyepesi. Sasa amezoea, ila akija mgeni magharibi lazima amweleze kisa chote, na katika kisa hicho mimi ndiye niliyesema ugonjwa haujui siku.

Jirani naye akaleta upupu. Kweli, upupu ule ule unaowasha, umesagwa ukawa unga, ndani ya chupa ya jemu. Mwanawe alisoma kwenye simu kwamba unatibu Parkinson. Sikumcheka, kwa sababu mbegu za upupu zina levodopa ya kweli, wakemia wa India waliiona humo tangu 1937. Lakini ndani ya chupa ile sijui kijiko kimoja kina kiasi gani, na ukiijumlisha na vidonge unapandisha kipimo gizani. Baba aliishika chupa, akaisoma lebo ya jemu mbele na nyuma, akamwambia jirani kwamba utotoni alipakwa upupu shingoni na wenzake wa chuoni, na haoni sababu ya kumalizia kazi yao kwa kuula. Wakacheka wote wawili. Chupa ninayo mimi, kabatini, juu kabisa.

Hajapona. Ugonjwa huu hauponi, na kuna siku za duara zinazogeuka mkwaju bila kosa la mtu. Usiku, baada ya samaki, anakakamaa, kumgeuza kitandani ni kazi ya watu wawili. Alikubali bei hiyo mwenyewe: asubuhi zake azipate, usiku tumsaidie.

Ila Ijumaa hakubali kupangiwa na mtu. Ijumaa nyumbani ni biriani, ya mbuzi, na Baba amesema wazi kwamba hatakula biriani saa mbili usiku kama mtu aliyechelewa harusini. Basi humeza kidonge chake saa tano, anaenda msikitini kwa miguu yake, anarudi kwa miguu yake, anavuka kizingiti bila hata kukitazama. Anakula biriani yake mpaka kwenye ukoko. Kisha anajivutia kiti pale barazani kabla mwili haujakaza, anaweka bakora kando, anatazama njia.

Ijumaa iliyopita rafiki yake wa zamani wa bandarini alipita saa tisa akamkuta hapo, amekaa wima kama picha.

"Vipi, hatuendi alasiri?"

"Tangulia," Baba akamwambia. "Mimi niko nangani. N'takufuata magharibi."